Tarumbeta ya jirani na usingizi wa mtu wa zamu ya usiku



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya kazi, viatu, vumbi na maji safi. Leo tunasema juu ya kelele, lakini si ile ya mashine. Ni kelele ya nyumbani, ya jirani anayejifunza kupiga chombo cha muziki. Usicheke. Mwenzetu mmoja wa depo ya Goma amepoteza ncha ya kidole, na safari ya kufikia ajali ile ilianzia kwenye tarumbeta ya mtoto wa jirani. Ameniruhusu nisimulie, bila kutaja jina lake.

«Unipe tu dawa ya kichwa»

Mwenzetu huyu anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga mawe. Majuma mawili anafanya zamu ya mchana, majuma mawili zamu ya usiku. Siku moja asubuhi, akitoka kazini, alipita kwenye dispanseri. Aliniambia: «Muganga, siko mugonjwa sana. Kichwa inaniuma. Unipe tu dawa ya kichwa.» Nilimpima joto na presha, nikamkuta sawa, nikampa parasetamoli, akaenda.

Hapo kosa lilikuwa langu, ninalisema wazi. Sikumwuliza: «Unalala masaa ngapi?» Kama ningemwuliza, angenijibu kwamba tangu siku sita alikuwa halali zaidi ya masaa manne. Anafika nyumbani saa 1 asubuhi, anaoga, anakula, anajilaza saa 2 na nusu. Saa 7 na nusu mchana mtoto wa jirani anatoka shuleni na kushika tarumbeta. Anarudia noti zilezile, anakosea palepale, anaanza tena, mpaka saa 9 na nusu. Hata kabla ya hapo mwenzetu alikuwa analala nusunusu, akingojea noti ya kwanza.

Siku tisa baadaye, karibu na saa 10 ya alfajiri, jiwe lilikwama kwenye mashine. Mwenzetu anajua sheria kuliko mimi: simamisha mashine, kata umeme, funga kufuli, halafu ndipo uguse. Usiku ule alipeleka mkono. Alipoletwa kwangu alikuwa anasema neno moja tu: «Nilisahau. Nilisahau.»

Sikiliza vizuri, ndugu. Tarumbeta haikumkata kidole. Mashine iliyoachwa ikizunguka ndiyo iliyomkata, na sheria ya kusimamisha mashine haina ruhusa kwa aliyechoka. Lakini mtu asiyelala husahau hata lile analolijua. Waganga wamelipima jambo hili: mtu aliyekaa macho masaa 17 mfululizo hufanya makosa kama mwenye kiasi cha pombe cha 0,05 kwa mia katika damu. Akifikisha masaa 24, ni kama kiasi cha 0,10. Sisi hatumruhusu mlevi kugusa mashine. Basi, asiyelala naye tumwangalie kwa macho yaleyale.

Sikio lina posho yake

Nguvu ya sauti inapimwa kwa desibeli. Kipimo kinachofuatwa na wataalamu wengi wa usalama ni hiki: desibeli 85 kwa masaa 8 ya kazi. Desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Kwa hiyo 88 ni masaa 4, 91 ni masaa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu. Huna chombo cha kupimia? Tumia mdomo wako. Kama lazima upaze sauti ili mwenzako aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, hesabu kwamba umefika 85 au umepita.

Fikiria hiyo ni posho ya sikio kwa siku moja. Ukiimaliza kazini, sikio linahitaji utulivu nyumbani ili lipumzike. Ndani ya sikio mna chembe ndogo zenye vinyweleo zinazopokea sauti. Zikichoka, hupona kwa kupumzika. Zikifa, kwa binadamu hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Kwa usingizi kipimo ni cha chini zaidi. Mwaka 1999 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilishauri kwamba kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isipite desibeli 30. Sasa linganisha: tarumbeta inayopulizwa kwa nguvu ndani ya chumba kidogo hupita 90 bila shida. Hata yule anayeipuliza yuko hatarini. Jambo hilo tulikumbuke, maana litatusaidia tutakapokwenda kuongea naye.

Kwa nini ukuta wa mbao hauzuii

Wengi wetu katika Goma tunakaa katika nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na watu walijenga tena kwa walichokuwa nacho. Mbao ni nyepesi, na sauti inazuiwa na uzito. Ukuta mzito wa mawe hutetemeka kidogo, ukuta wa ubao mmoja hutetemeka kama ngozi ya ngoma.

Tena kuna nyufa. Jua jambo hili: kama katika sehemu 100 za ukuta sehemu 1 iko wazi, ukuta ule hauwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20 hivi, hata ungekuwa wa mawe. Kwa hiyo, kabla ya kununua kitu chochote, ziba nyufa za upande wa jirani. Pigilia mbao nyembamba juu ya maungio, jaza matambara au karatasi zilizolowekwa na kukandwa, weka kabati la nguo kwenye ukuta ule, na hamisha kitanda upande wa pili. Blanketi peke yake haizuii sana sauti kutoka nje. Inapunguza tu mwangwi wa ndani.

Lakini ANGALIA! Usizibe nyumba nzima. Acha madirisha na matundu ya hewa ya upande mwingine wazi. Na usilale kamwe na mbabula ya makala ndani ya chumba kilichozibwa. Moshi wa makala usioonekana huua mtu akiwa usingizini. Afadhali kuamshwa na tarumbeta kuliko kutoamka kabisa.

Anayepiga si adui

Mwenzetu alipotoka hospitali, hasira yake yote ilikuwa kwa yule kijana. Ndugu yake alitaka kurusha mawe juu ya mabati yao. Mimi niliwaomba wangoje, tuende pamoja.

Ndugu msomaji, mji wetu unajifunza muziki. Makanisa yana korali na fanfare. Foyer Culturel wa Goma unafundisha vijana vyombo vya muziki. Mnamo Februari 2014 festivali Amani ya kwanza ilikusanya watu wengi kwenye uwanja wa Collège Mwanga, siku ambazo mji ulikuwa umetoka tu kwenye mwaka wa vita. Mzazi wa Goma akimwona mtoto wake ameshika tarumbeta, anamshukuru Mungu kwa sababu hakushika kitu kingine.

Na sisi watu wa machimbo tusijifanye kama muziki si wetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke akipiga gitaa kule Jadotville, mji wa shaba ambao leo ni Likasi. Luambo Makiadi, yaani Franco, alipokuwa mtoto Kinshasa, alijifunza kwa gitaa alilojitengenezea, akipiga karibu na meza ya mama yake sokoni. Orkestra ya simfoni ya Wakimbanguisti, iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1994, ilianza na vyombo vichache ambavyo watu walipokezana. Hawa wote waliwahi kukosea noti ileile mara mia, na kulikuwa na jirani aliyewasikia.

Hakuna anayejifunza muziki bila kurudia. Usiende kumwambia jirani: «Nyamazeni.» Mwulize: «Tufanye namna gani, yeye ajifunze na mimi nilale?»

Namna ya kwenda kwa jirani

Hivi ndivyo tulivyofanya. Jaribu na wewe.

1. Andika kwanza. Kwa siku saba andika kwenye daftari saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mara nyingi mtu mwenye hasira husema «kutwa kucha», na daftari linasema masaa mawili. Ukienda na jambo la kweli, utasikilizwa.

2. Usiende wakati tarumbeta inalia. Wakati huo wewe una hasira na yeye ana haya mbele ya wenzake. Nenda jioni, siku ya mapumziko, baada ya watu kula.

3. Anza na wazazi. Piga hodi, salimia, uliza habari za watoto na za kazi. Mwenzetu alionyesha mkono wenye bandeji, mama wa kijana akashika kichwa: «Baba, hatukujua! Sisi tunakuona tu unarudi asubuhi, tunasema labda leo una konji.» Ni kweli. Jirani wengi hawajui zamu zetu. Kwao mchana ni mchana.

4. Eleza zamu yako kwa karatasi. Mwenzetu alinakili ratiba yake ya mwezi: juma hili usiku, juma lile mchana. Mama yule aliibandika ukutani karibu na kalenda ya kanisa.

5. Mwachie kijana naye aseme. Huyu alisema: «Yaya, mimi ninapiga ile saa sababu saa 12 kunakuwa giza na mwalimu anataka masaa mawili kila siku.» Basi naye ana bosi wake. Hilo lilibadilisha mazungumzo yote.

6. Patana juu ya mambo matatu tu: saa, mahali na namna. Halafu rudi baada ya juma moja kushukuru. Watu wengi wanasahau shukrani hiyo, na mapatano yanakufa.

Karibu tungemtuma kwenye mazuku

Juu ya saa tulipatana haraka: majuma ya zamu ya usiku, kijana aanze saa 10 alasiri mpaka saa 12, na majuma mengine aanze anapotaka. Juu ya mahali, sote tulidhani tumepata dawa. Nyuma ya parseli, upande wa kushuka ziwani, kuna shimo kubwa katikati ya mawe ya volkano. Ukisimama ndani yake, sauti haitoki. Kijana akasema atakuwa anaenda kule asubuhi sana kabla ya shule, apate dakika thelathini za ziada. Mimi, muganga, nilisema: «Ni vizuri.»

Bibi mmoja aliyekuwa anachambua maharagwe akainua kichwa: «Kule mbuzi wangu wawili walikufa. Ni mazuku.»

Nilinyamaza kwa haya. Ndugu, unajua mazuku, lakini tukumbushane. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini katika nchi yetu ya volkano, hasa upande wa magharibi wa mji kandokando ya ziwa. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo hujaa mashimoni na mabondeni kama maji. Hukusanyika zaidi usiku na asubuhi mapema, wakati upepo haujaamka. Ikifikia sehemu 10 katika 100 za hewa, mtu anaweza kuzimia kwa muda mfupi sana. Na mpiga tarumbeta anavuta pumzi ndefu kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo weka akilini: usimtume mtu yeyote kujifunzia muziki ndani ya shimo, pango au bonde la mawe. Wewe pia usichimbe chumba cha chini ili ukimbie kelele. Na ukimwona mtu ameanguka mahali pa mazuku, usishuke kumfuata, maana mtakuwa wawili. Ita watu, tafuta kamba, mvute kutoka juu.

Mwishoni kijana alipewa darasa la shule ya kanisa baada ya masomo, siku tatu kwa juma. Siku nyingine anapigia nyumbani, saa 10.

Kila chombo na dawa yake

Tarumbeta. Sauti yake kali hutoka mbele kama mwanga wa taa. Kijana aelekeze mdomo wa tarumbeta mbali na ukuta wako, kwenye nguo nzito zilizotundikwa. Wanamuziki wana kizibo wanachokiita surdine. Kama hakuna, kitambaa kikichomekwa kwa ulegevu mdomoni mwa tarumbeta hupunguza sauti, ijapokuwa kinabadilisha noti kidogo.

Ngoma za fanfare na za orkestra. Sauti nzito ya ngoma hupita kila ukuta. Kujifunza mikono kunaweza kufanyika juu ya kipande cha mpira wa gurudumu la zamani. Mdundo ni uleule, jirani hasikii.

Kinanda cha umeme na gitaa la umeme. Hapa hakuna udhuru: visikilizio vya masikioni. Lakini sauti iwe ya chini, isije ikahamia kwenye sikio la kijana.

Gitaa la kawaida. Kitambaa kilichokunjwa chini ya nyuzi, karibu na pale zinapofungwa, hupunguza sauti sana.

Umbali nao ni dawa. Nje, mahali pa wazi, kila umbali ukiongezwa mara mbili sauti inapungua desibeli 6 hivi. Kutoka mita 5 kwenda mita 20 ni desibeli 12 bila kulipa franka moja.

Na wewe mwenye usingizi

Usingojee jirani afanye yote. Mtu mzima anahitaji masaa 7 au zaidi ya usingizi, na usingizi wa mchana huwa mwepesi. Baada ya zamu ya usiku nenda moja kwa moja kulala, usipitie kwenye kibanda. Usinywe kahawa wala chai kali katika masaa ya mwisho ya zamu. Funika dirisha kwa kitambaa cheusi. Waambie watoto na wageni saa zako.

Vizibo vya masikio vya sponji tunatoa kwenye dispanseri. Osha mikono, visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, ingiza, shikilia mpaka vijae. Pamba kavu haisaidii. Ukilala na vizibo, mtu mmoja nyumbani ajue na awe na kazi ya kukuamsha, maana katika mji huu lazima habari ya hatari ikufikie.

Usitafute usingizi kwenye pombe. Na usinunue vidonge vya valium kwenye vibanda. Vinakaa mwilini muda mrefu, na usiku vinakufuata mpaka kwenye mashine.

Kama umeshindwa kulala, sema kwa kapita kabla ya kuanza kazi. Sema kwangu pia. Tangu ajali ile, kila anayekuja kwangu na kichwa ninamwuliza kwanza masaa yake ya usingizi, ndipo ninafungua kopo la dawa.

Ikishindikana

Kuna jirani wagumu. Kama umeongea mara mbili kwa heshima na hakuna kilichobadilika, nenda kwa nyumba kumi au chefu wa avenyu, ukiwa na daftari lako. Akishindwa, nenda kwa chefu wa kartie. Mchungaji au mwalimu wa fanfare naye ana neno kubwa kwa mwanafunzi wake.

Usirushe mawe. Usikate waya wa umeme wa mtu. Usifungulie redio kwa nguvu ili kulipiza, maana avenyu nzima itakosa usingizi. Na zaidi ya yote, usimwite mtu mwenye bunduki kwa jambo la tarumbeta. Hujui litaishia wapi.

Kumbuka jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mbingu ya Nyiragongo ilipogeuka nyekundu. Wengi wetu tuliamshwa na kuitwa na jirani. Jirani huyo utamhitaji tena. Mtunze.

Mwenzetu sasa amerudi kazini, na mkono unashika vizuri. Majuma ya usiku analala mpaka saa 9. Saa 10 tarumbeta inaanza, naye anasema ndiyo saa yake ya kunywa chai. Kijana bado anakosea palepale.

Kwa kifupi:
– Sheria ya kusimamisha mashine haina ruhusa kwa aliyechoka.
– Usingizi ni kifaa cha kazi kama kofia na viatu. Usije kazini bila huo.
– Nenda kwa jirani na ratiba, usiende na hasira.
– Ziba nyufa, acha hewa. Hakuna mbabula ndani.
– Hakuna muziki shimoni. Mazuku yanaua.

Muganga msaidizi wenu, dispanseri ya depo, Goma